Barua Iliyofungwa Ndani ya Hina

Khala Mehru alizikwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Siku ya hitima wajukuu zake waliteremsha sanduku lake la bati, wakakuta ndani barua zimefungwa kwa utepe, nyingine za Kiurdu na nyingine za Kihindi. Hapakuwa na mmoja wao aliyeweza kusoma hata moja, maana wao wamesoma Kiingereza. Nikachukua ya juu nikawasomea. Nikachukua ya pili, yenye herufi nyingine kabisa, nikawasomea hiyo pia. Mjukuu mkubwa akaniangalia, akaiangalia mikono yangu ya mshona kofia, akasema, "Bibi Rukia, haya ulijifunzia wapi, nawe mwenyewe husema ulifika darasa la nne?" Nikamjibu kwa ufupi kwamba nyanyake ndiye aliyenifundisha. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kweli. Matangani si mahali pa mtu kujisifu, wala si mahali pa kujishtaki. Sasa niko kwangu, nimekaa peke yangu, na ile nusu iliyobaki nataka kuiandika, kwa sababu herufi zile za pili nilijifunza kwa kosa nililomfanyia huyu niliyetoka kumlilia.

Ulikuwa mwaka uliofuata kwisha kwa vita vikuu, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Nyumba yao ilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, orofa ya pili, na mimi nilikuwa nikipanda huko kila siku na kikapu changu cha kofia kwa sababu roshani yao ilikuwa na mwanga mzuri kuliko chumba chetu. Khala Mehru, nami nilimwita khala kama waitavyo kwao mama mdogo, alikuwa mke wa mfanyabiashara wa nguo mwenye duka katika mtaa ambao leo huitwa Biashara. Alikuwa na miaka ishirini na saba au nane, mrefu, mwenye sauti nzito kwa mwanamke, na ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa mgeni wa lugha. Mumewe na mavyaa wake, ambaye sote tulimwita Maji, yaani mama kwa lugha yao, walisemezana kwa Kikachi. Yeye alitoka mji mmoja wa kaskazini mwa Bara Hindi na lugha yake ilikuwa Kiurdu. Kwa hiyo wao walikutana katika Kiswahili, kila mmoja na chake, na mara nyingi mimi nilikuwa hapo na sindano yangu nikisikiliza wanavyogombana juu ya chumvi. Huko alikotoka alikuwa ameacha mtoto. Mume wake wa kwanza alikufa, na alipoolewa mara ya pili ng'ambo, binti yake Nargis alibaki na nyanyake. Mwaka ule Nargis alikuwa na miaka tisa, na mama yake alikuwa hajamwona kwa miaka minne.

Barua za nyanya ziliandikwa na karani wa mtaani kwao, kwa Kiurdu. Khala hakujua kusoma. Mumewe alisoma Kigujarati tu, kile cha biashara. Basi barua zilipofika dukani, alitafutwa mzee mmoja wa kuzisoma, naye alizisoma palepale kwa sauti, kati ya majora ya nguo na wapagazi. Siku moja Khala alipanda ngazi kutoka huko, akavua buibui lake kwa hasira, akaniambia, "Wapagazi wajua mwanangu ameota jino kabla sijajua mimi." Akaitupa barua mapajani mwangu. Nikaiangalia. Herufi zilikuwa zimelala upande, zimebanana, lakini nilizitambua, kwani zilikuwa za chuoni, tulikosomea Kurani. Nilikuwa nimekhitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na moja, nikaweza kuusoma wote bila kujua maana ya aya moja, kama tulivyofundishwa sote. Nikamwambia, "Khala, herufi hizi nazijua. Maneno siyajui." Akaketi mkekani mbele yangu. "Mimi maneno nayajua," akasema. "Soma."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi nilitoa sauti, yeye akashika maana. Tabu ilikuwa irabu, zile alama za juu na chini ambazo chuoni hazikosekani na katika barua za watu hazimo. Nilisoma "bichi," akatikisa kichwa. Nikajaribu, "Buchi." Maji akacheka kutoka jikoni. "Bachi." Khala akapiga paja, "Bachchi! Bachchi! Mtoto wa kike! Endelea, beti, binti yangu, mtoto kafanya nini?" Ukurasa mmoja ulituchukua kutoka adhuhuri mpaka chai ya alasiri, tukala mahamri na mbaazi baridi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyapasha moto. Tulipofika mwisho nilikuwa nimechoka kama niliyetwanga mpunga, na sikuwa nimeelewa kitu, lakini yeye alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Nikajiambia kwamba sitakaa tena na barua mkononi kama mfereji, maji yapita ndani yangu na mimi sionji. Toka siku ile nilimlipisha neno. Kila kofia niliyoshona katika roshani ile ilienda na maneno kumi ya Kiurdu, nami nikiyarudia njiani mpaka wauza kahawa wakadhani nina kichaa.

Sasa yanipasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka. Katika nyumba zetu, na katika nyumba yao pia, karatasi yenye herufi za Kiarabu haikukanyagwa wala kutupwa. Huenda imeandikwa jina la Mungu. Ukiiona chini unaiokota, unaibusu, unaiweka juu. Maji alikuwa mkali sana kwa hilo. Juu ya kabati lake la nguo palikuwa na rundo la karatasi za kila aina, zimeshikwa na jiwe la pwani zisipeperuke. Karatasi nyingine zote, za Kiingereza, za Kigujarati, za herufi za Kihindi zenye mstari juu, tulizoziita za Kibaniani, hazikuwa na daraja hiyo. Maduka yalifungia njugu na bizari kwa kurasa za madaftari ya zamani ya watoto wa shule, na ukifika nyumbani ukurasa unawashia moto.

Ramadhani ya mwaka ule, siku ya kumi na kitu, msafiri mmoja aliyeshuka melini alileta dukani mfuko wa kitambaa kutoka kwa nyanya, na mume wa Khala akaupeleka nyumbani. Khala alikuwa akichovya bhajia za futari, mikono imejaa unga wa dengu mpaka viwiko. "Fungua wewe," akaniambia, "uone kama ni hina." Ilikuwa hina. Ilikuwa imefungiwa ndani ya karatasi iliyopigwa chapa kwa herufi za Kiurdu, na ndani yake, juu ya hina yenyewe, palikuwa na karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, yenye maandishi ya kalamu ya risasi. Nikaibusu ile ya kwanza, nikaenda kuiweka juu ya kabati chini ya jiwe. Ile ya pili niliikunjua. Ilikuwa na herufi zile zenye mstari juu. Nikaitandika kwenye sinia, na Khala akaanza kuopoa bhajia na kuziweka juu yake zinyonywe mafuta.

Kwa miaka nilijiambia kwamba sikuona. Niliona. Niliona kwamba si chapa, ni mkono wa mtu, na kwamba ni mkono wa mtoto, kwa kuwa herufi zilikuwa kubwa na zimekandamizwa mpaka karatasi imetokeza nyuma. Nikadhani ni daftari la mtoto fulani wa Kibaniani, kama kurasa za njugu. Sikufikiri zaidi ya hapo, na magharibi ilikuwa karibu. Bhajia zililiwa zote. Maji alisema zimekolea. Ile karatasi niliitia kwenye seredani mwenyewe, nikachemshia chai.

Baada ya Idd, Kiurdu changu kilianza kusimama. Nilishusha karatasi zote za juu ya kabati nikajaribu kuzisoma moja moja, na siku moja nikaanza kucheka peke yangu. Khala akauliza, "Nini?" Nikamsomea ile karatasi ya hina niliyoibusu. Ilikuwa tangazo la mafuta ya nywele. "Yaondoa mba," nikasoma, "yarudisha ujana wa mwanamume mwenye upara." Khala alianguka ubavu kwa kicheko. "Maji! Njoo! Wiki zote hizi twabusu upara!" Maji akaja, akasikiliza, akaichukua karatasi ile kutoka mkononi mwangu kwa heshima zote, akairudisha juu. "Jina la mwenye duka ni Abdallah," akasema. "Abdallah ni mja wa nani? Nyamazeni." Nasimulia haya kwa sababu ndiyo siku ya mwisho mwaka ule niliyocheka bila kitu rohoni.

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya nyanya. Tulikaa roshani, Khala akichambua mchele kwenye uteo, mimi nikisoma. Sasa sikuwa tena nikipapasa. Nilikuwa nikienda na maana, na wakati mwingine macho yangu yalitangulia mdomo. Nyanya alisalimu, akasema ya mvua, akasema ya mguu wake. Halafu macho yakatangulia. Ilisema hivi: Nargis sasa yuko shuleni, na huko wanafundishwa herufi za Kihindi, ambazo mimi sizijui wala karani wangu hazijui. Alikuandikia kwa mkono wake, barua yake ya kwanza duniani, akaificha ndani ya hina ili ushtuke kwa furaha. Mbona hukumjibu? Kila siku anamngoja tarishi mlangoni. Ameacha kutaka kula na sisi.

Niliruka mistari ile. Nilipita kutoka kwenye mguu wa nyanya moja kwa moja mpaka kwenye salamu za mwisho. Khala akanyanyua uso. "Na mtoto? Hakusema kitu cha mtoto?" Nikasema, "Asema hajambo, Khala." "Hilo tu?" "Hilo tu." Akarudi kwenye mchele. Nimeishi na watu wengi tangu hapo na nimedanganywa na wengi, na kila mara nimeona ni haki yangu kidogo, kwa sababu mtu asiyejua kusoma akikupa barua yake amekupa macho yake, nami nilimfumba.

Siku ya pili nilishuka mjini kwa kisingizio cha nyuzi. Nyuma ya duka la mume wa Khala aliishi Kanta Ben, mke wa fundi cherehani, Mhindu, aliyekuwa amesoma kwao mpaka akaweza kufundisha. Nyumba yake ilinuka mvuje na sabuni. Hakunikaribisha jikoni, na maji alinipa katika bilauri iliyowekwa pembeni kwa ajili ya watu kama mimi. Wala sikuudhika, kwa kuwa na sisi hatukula kwao. Nilikaa kwenye kizingiti cha ua. "Wewe Muislamu," akaniambia, "wataka herufi zetu za nini? Wataka kuolewa na mwanangu?" Mwanawe alikuwa na miaka mitatu, yuko mapajani mwake akila ndizi. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, nikashindwa. Nikamwambia yote. Nikamwambia pia mpango wangu: nijifunze herufi, nimwandikie Nargis jibu kwa jina la mama yake, nimwombe aandike tena, na Khala asijue kamwe.

Kanta Ben alimfuta mtoto midomo polepole. "Umeiba barua ya mama," akasema. "Sasa wataka kuiba na jibu lake?" Akamrudishia mtoto ndizi yake. "Herufi nitakufundisha. Herufi si zangu nikunyime. Lakini barua hiyo usiniletee niisahihishe."

Nilikwenda kwake siku tano kwa wiki. Kusema tulielewana vizuri, kwani Kihindi chake na Kiurdu changu, masikioni, ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Macho ndiyo yaliyoteseka. Nilikuwa nimezoea kwenda kutoka kulia, na hapa mkono ulipaswa kutoka kushoto. Nilizoea irabu zisizoandikwa, na hapa kila irabu ina alama yake, nyingine imekaa mbele ya herufi lakini inasomwa baada yake. Karatasi zilikuwa adimu nyumbani kwetu. Nikaanza kuzishona herufi. Nilichukua mabaki ya kitambaa cha kofia, nikayatia herufi kwa sindano, moja moja, kwanza herufi kisha mstari wa juu, nikizifumua na kuzirudia mpaka vidole vikazijua. Mama akauliza ni mtindo gani huo mpya wa kofia. Maji aliviona vitambaa hivyo siku moja kikapuni, akavigeuza na kuvigeuza. "Huyu msichana," akamwambia Khala, "alianza na sisi, sasa ahamia kwa Mabaniani. Kesho utamkuta na Wachina." Khala akacheka, akaniuliza, "Kweli, beti, ni za nini?" Nikasema ni mchezo tu. Hiyo ni mara ya pili kumdanganya.

Baada ya wiki saba niliweza kuandika mistari sita. Niliiandika barua ile ya uongo. Sitaki kusema kwamba Kanta Ben alinizuia, au kwamba niliogopa. Niliiandika yote, kwa kalamu ya risasi, nikaanza, Mwanangu Nargis, barua yako nimeipata na nimefurahi sana. Nilikaa na sentensi hiyo mbele yangu. Kila neno ndani yake lilikuwa limeandikwa sawasawa, na hakuna lililokuwa kweli. Nilifikiri, mtoto huyu ataisoma, ataibusu, ataiweka mahali pa juu. Nikaikunja, nikavaa buibui, nikapanda ngazi za Khala.

Alikuwa peke yake, akikata ndimu za achari. Nikamsomea ile barua kwanza, bila kusema ni ya nani, kisha nikamwambia ni mimi niliyeiandika, na kwa nini. Nikamsomea na ile mistari ya nyanya niliyoiruka, kwa kuwa nilikuwa naikumbuka neno kwa neno. Aliendelea kukata ndimu. Alikata mpaka zikaisha, akaweka kisu chini, akasema kwa sauti yake ile nzito, "Maji alisema zimekolea." Halafu akainuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kwa siku tisa nilipanda na kushuka. Maji ndiye aliyefungua. Siku za kwanza alisema, "Leo hana kichwa." Siku ya sita akasema, "Ungekaa na uongo wako, sote tungekula vizuri." Siku ya nane alinipa kikombe cha chai nikakinywa nimesimama ngazini. Nilikuwa nimeamua kwamba nitapanda ngazi zile mpaka atakaponipiga au atakaponifungulia. Baada ya miaka hii yote naona ushupavu ule ndio kitu pekee nilichokuwa nacho. Akili yangu ilikuwa ya kadiri, na adabu yangu mmekwisha kuiona.

Siku ya tisa alifungua mwenyewe. Macho yamevimba, nywele hazikuchanwa. "Una kalamu?" "Ninayo." "Kaa." Akasimama nyuma yangu. "Andika kwa herufi zake. Andika: mwanangu, barua yako ilifika na mimi sikuisoma, kwa sababu mama yako hajui kusoma. Andika: ilitandikwa chini ya chakula na ikachomwa. Sasa andika ni nani aliyefanya." Nikaandika ni mimi, Rukia, jirani, nisamehe. "Usimwambie akusamehe. Ana miaka tisa, usimtwike mzigo. Futa." Nikafuta. "Andika: tuandikie tena yale uliyoyaandika." Nilipomaliza aliichukua karatasi akaiangalia muda mrefu, akiwa ameishika juu chini. Nikaigeuza taratibu. Akasema, bila hasira sasa, "Kosa lako ni siku moja. Mimi miaka minne nimekaa kando ya msomaji, nikamfanya awe macho yangu nikalala. Vile vitambaa vyako viko wapi? Vilete."

Alianza siku ile ile, akifuata nyuzi kwa ncha ya kidole kama kipofu. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alikasirika, alitupa, alisema Mungu hakuumba herufi hizi kwa watu wenye watoto na vyungu. Lakini kila baada ya adhuhuri aliketi, na Maji, ambaye hakuacha kunung'unika, alianza kupika wali yeye mwenyewe saa ile bila kuombwa.

Jibu la Nargis lilifika karibu mwaka kwisha. Lilikuwa fupi. Tulilisoma kwa pamoja, mimi nikinyamaza kila alipoweza, na alipokwama nikimngoja. Alisema yuko wa tatu darasani. Alisema mbuzi wao amezaa. Na mwisho alisema: ile barua ya kwanza nimesahau niliandika nini.

Khala alirudia mstari ule mara tatu, kidole chini yake. "Muongo," akasema. "Hajasahau. Ananinyima." Nilidhani atalia. Badala yake alininyang'anya kalamu ya risasi, akavuta kibao cha kusukumia chapati akakiweka magotini, akaniambia, "Sogea, wanizibia mwanga." Maneno manne yalimchukua mpaka adhana ya alasiri. Jasho lilimtoka puani. Niliona kalamu inapanda na kushuka, mpaka alipomaliza nikasoma: Andika tena. Nitasoma mwenyewe.

Mstari wa juu ulikuwa umepinda vibaya, umeanza juu ya karatasi na kuishia karibu na katikati, na herufi zimening'inia chini yake kila moja na urefu wake. Nikachukua rula nikamwambia, "Hebu, Khala, niuchore upya, unyooke." Akausukuma mkono wangu.

"Wacha hivyo hivyo," akasema. "Atajua ni mimi."